Gundi kwenye kichwa cha flai: iwekwe wapi, lini, na kiasi gani

Swali la msomaji: "Mwalimu, hujambo. Nafunga flai, vile vyambo bandia vya manyoya na uzi kwenye ndoano, nyumbani hapa Nyeri, nawauzia wavuvi wa trauti na mwenye duka mmoja wa Nairobi. Shida yangu ni uzi. Mteja akivua samaki wawili watatu, kichwa, pale uzi unapomalizikia nyuma ya tundu la ndoano, kinaanza kufunguka. Nikaanza kutia supaglu, tone moja kila kichwa. Zikawa ngumu kweli, lakini mwenye duka akanirudishia mzigo wote: matundu ya ndoano yameziba na manyoya yameshika ukungu mweupe. Rafiki aliyenifundisha kazi hii anasema fundo zuri halihitaji gundi hata kidogo. Nimsikilize nani? Na hizo zilizorudi, naweza kuziokoa?"

Sijambo, ndugu yangu, na asante kwa kueleza mambo kinaganaga.

Rafiki aliyekufundisha yuko karibu na ukweli, ila hajaumaliza. Kinachoshikilia flai ni uzi uliokazwa na kufungwa vizuri. Gundi huja nyuma yake: huulinda uzi usikatwe na meno, na kuuzuia usisogee pale ulipokazwa. Ukiipa gundi kazi ya uzi, utapata hayo uliyoyaona, kichwa kigumu kwa nje huku ndani kumelegea. Lakini anayesema fundo zuri halihitaji gundi hata kidogo amesahau mdomo wa samaki. Fundo laweza kuwa halina kasoro yoyote, jino moja likakata mzunguko mmoja wa juu, na kazi yote ikaachia.

Kwa hiyo ukitaka jibu la haraka: tengeneza fundo kwanza, kisha tia gundi kidogo sana. Na ujue kwamba gundi yenye faida kubwa zaidi ni ile isiyoonekana, iliyolala chini ya manyoya juu ya shina la ndoano, wala si ile inayong'aa kichwani. Sasa twende polepole.

Usichague gundi kabla hujajua flai zako zinaharibikia wapi. Waombe wateja wakurudishie chache zilizofunguka, uziweke chini ya lenzi penye mwanga mzuri. Ukiona uzi umetoka mrefu, umejikunjakunja, na ncha yake ni safi kama ulivyoikata wewe kwa mkasi, fundo limeteleza. Ukiona ncha imechanika na kutoa vinyuzi vidogovidogo, hapo meno yamefanya kazi. Trauti hana meno ya taya tu, anayo kwenye kaakaa na hata juu ya ulimi, na flai iliyoingia ndani ya mdomo inasuguliwa pande zote. Ukiona uzi wa kichwani uko mzima lakini mkia au unyoya umechomoka, au mwili mzima unazunguka kwenye ndoano ukiusokota kwa vidole, basi kichwa hakina kosa. Msingi wa chini haukushika. Magonjwa hayo matatu yana dawa tatu tofauti, na supaglu juu ya kichwa haitibu hata moja kati ya hayo ipasavyo.

Kwa jinsi ulivyoeleza, kwamba kichwa huanza kufunguka baada ya samaki wawili watatu, nashuku fundo. Meno yakikata uzi, mara nyingi flai huachia kwa mkupuo. Kufunguka kidogo kidogo ni dalili ya uzi unaorudi nyuma wenyewe.

Tuanze na mkazo. Nailoni huvutika kidogo kabla ya kukatika, na huko kuvutika ndiko kunakokusaidia: uzi ulionyoshwa na kuzungushwa juu ya shina unataka kurudi kwenye urefu wake, kwa hiyo unabana kila kilicho chini yake saa zote. Uzi uliozungushwa bila kuvutwa umelala tu. Funga ndoano tupu kwenye jiliwa, anza uzi, uvute polepole hadi ukatike. Rudia mara kadhaa mpaka mkono ujue ni wapi uzi unakaribia kukatika, kisha ufanye kazi hatua moja tu kabla ya hapo. Nimewaona wafungaji wenye vidole vyepesi, wepesi wa kupanga manyoya kuliko mimi, ambao flai zao hazidumu kwa sababu hii moja: wanauogopa uzi.

Uzi wenyewe nao una mambo yake. Ule wa kufungia flai hupimwa kwa denia, yaani uzito kwa gramu wa mita 9,000 za uzi. Uzi wa denia 70, unaotosha flai nyingi za trauti, una maana kwamba mita 9,000 zake zina gramu 70 tu. Uzi wa kawaida wa cherehani huwa mzito mara tatu hivi zaidi ya huo. Sisemi usiutumie, kwa flai kubwa unafaa. Kwenye ndoano ndogo, namba 12 au 14, hata hivyo, mizunguko michache tu inajaza nafasi yote nyuma ya tundu, na ukishajaza nafasi huna pa kuweka fundo la maana. Hapo ndipo mtu anapokimbilia gundi.

Kabla ya fundo la mwisho, iachilie bobini (kile kishikio cha kigurudumu cha uzi) ining'inie yenyewe chini ya ndoano. Itazunguka, maana uzi umejisokota wakati ukifanya kazi. Ngoja itulie. Uzi usiosokotwa hulala bapa, mizunguko ikakaa ubavu kwa ubavu bila vilima, na kichwa kinakuwa kidogo.

Sasa fundo. Wengi hufunga nusu-fundo tatu mfululizo na kutegemea gundi imalizie. Nusu-fundo moja inabanwa na mzunguko mmoja tu. Fundo linalofaa ni lile ambalo uzi unajifunika wenyewe: unafanya kitanzi, mkono mmoja wa kitanzi unaulaza juu ya kichwa sambamba na shina la ndoano, na mkono wa pili unauzungusha juu yake mara tano. Ukivuta, mkia wa uzi unabaki umebanwa chini ya mizunguko yote mitano. Fanya hivyo mara mbili, mizunguko minne au mitano kila mara. Usifanye safari moja ya mizunguko kumi, kwa sababu msuguano utauzuia uzi kupita na wa chini hautakazika.

Halafu kuna jambo dogo ambalo wafungaji wengi wa nyumbani hawajaonyeshwa. Kitanzi kinapokaribia kwisha, kiingize sindano ndani yake, ukishikilie kwa sindano hiyo huku ukivuta uzi polepole, mpaka kitanzi kiifikie ndoano kabisa. Ndipo uchomoe sindano na umalizie kuvuta, ukielekeza mkono upande wa mwili wa flai na si upande wa tundu. Bila sindano, uzi hujisokota mwishoni ukaacha kijifundo pembeni, na kijifundo hicho ndicho jino linachokikamata kwanza. Kata ncha karibu kabisa kwa wembe au mkasi mkali. Ncha iliyobaki, hata ya milimita moja, itanyonya gundi na kuipeleka kusikotakiwa.

Na nafasi: acha sehemu tupu nyuma ya tundu, yenye upana wa tundu lenyewe, tangu unapoanza kufunga. Usingoje mwisho. Kichwa kilichosongamana na tundu kitaziba hata ukitumia gundi kidogo namna gani.

Jambo jingine la uzi ambalo siku hizi limesahaulika ni nta. Kipande cha nta ya nyuki, kile unachoweza kukipata kwa muuza asali, kipitishe kwenye uzi mara moja kabla ya kuanza. Uzi wenye nta hauteleji, unashika manyoya, na fundo lake halirudi nyuma kirahisi. Isiwe nyingi tu, maana nta nzito huzuia gundi kuingia ndani ya uzi. Kama unanunua uzi uliokwisha kupakwa nta kiwandani, inatosha hiyo.

Sasa msingi, ambako mimi ningetia gundi kabla ya kufikiria kichwa. Zungusha uzi kwenye shina tupu kutoka mbele hadi nyuma. Kwa ncha ya sindano, pakaza utando mwembamba wa gundi juu ya mizunguko hiyo, na papo hapo funga mkia na uzungushe mwili juu yake. Gundi inaingia kati ya chuma, uzi na manyoya, na haitaonekana wala kuguswa na jino. Flai ya aina ya Woolly Bugger, yenye mkia wa manyoya laini na mwili wa shenili (uzi mnene wenye manyoyamanyoya), ikifungwa hivi haizunguki kwenye ndoano, na mkia hauchomoki. Bila hivyo, samaki wa kwanza anasogeza mwili, mwili unausukuma uzi wa kichwani, na wewe unaona kichwa ndicho kimefunguka ilhali ugonjwa umeanzia nyuma.

Tuje kwenye chupa zenyewe.

Supaglu ni sianoakrileti. Iligunduliwa mwaka 1942 na Harry Coover na wenzake katika kampuni ya Eastman Kodak ya Marekani, walipokuwa wakitafuta plastiki angavu ya kutengenezea vioo vya kulengea bunduki. Waliiacha kwa sababu ilinata kila kitu, na ikaingia sokoni kama gundi mwaka 1958. Haikauki kwa kupoteza maji kama rangi. Hugandishwa na unyevu ulio hewani na juu ya vitu inavyovigusa. Ukilielewa hilo, shida zako zote mbili zinajieleza. Utando mwembamba, uliobanwa kati ya vitu viwili, hupata unyevu wa kutosha na kuganda kwa sekunde chache. Tone nene haliupati unyevu kwa haraka katikati yake, kwa hiyo hukaa majimaji kwa muda mrefu. Katika muda huo hufanya mambo mawili. Hutambaa kwenye uzi na manyoya mpaka tundu la ndoano na mizizi ya unyoya. Na sehemu yake hugeuka mvuke, mvuke ukakutana na unyevu wa hewani, ukaganda na kutua kama unga mweupe juu ya manyoya. Ukungu uliourudishiwa ndio huo. Ulitia nyingi, na pengine ulizifungia kwenye kisanduku au mfuko wa plastiki zikiwa bado zinatoa mvuke.

Kwa hiyo supaglu si mbaya; kilichokosewa ni kipimo na mahali. Usiidondoshe kutoka chupani hadi kwenye kichwa kamwe. Weka tone moja kwenye kifuniko cha plastiki laini, lichovye kwa ncha ya sindano, na ulipakaze kwenye uzi wenyewe, sentimita moja au mbili za uzi ulio karibu na ndoano, kabla tu ya kufunga fundo la mwisho. Kisha funga fundo mara moja bila kusita. Gundi inaingia ndani ya fundo, katikati ya mizunguko, na juu ya kichwa hakuna kinachobaki cha kutambaa. Tone moja la chupa litatosha vichwa vingi. Wenye kufunga kwa wingi wanaipenda njia hii kwa sababu hakuna kungoja: flai inatoka kwenye jiliwa ikiwa imekwisha. Ubaya wake ni kwamba huna nafasi ya kurekebisha. Uzi ukisita katikati ya fundo, umeganda pale pale.

Udhaifu mwingine wa supaglu ni kwamba ikikauka huwa kavu na yenye kuvunjika. Kichwa kinachogongwa na mawe ya mto, au flai inayopigwa juu ya mwamba wakati wa kurusha, kinaweza kupasuka. Ikiwa ndani ya uzi, uzi unaishikilia. Ikiwa juu kama gamba, inabanduka.

Na tafadhali, usipanguse supaglu kwa pamba wala kwa kitambaa cha pamba. Gundi hiyo ikikutana na pamba hutoa joto kali la ghafla, linaweza kukuunguza kidole. Fungua dirisha, mvuke wake huchoma macho. Vidole vikishikana usivivute kwa nguvu. Viloweke kwenye maji ya vuguvugu yenye sabuni, uvitenganishe taratibu. Chupa iweke mbali na watoto.

Rangi ya kucha isiyo na rangi ndiyo ningekushauri kwa vichwa vya kawaida. Kiini chake ni nitroseluloza iliyoyeyushwa kwenye kimiminika kinachoruka upesi, na inatoka ukoo mmoja na vanishi za seluloidi ambazo wafungaji wa Ulaya walizipakaza kwenye vichwa vya flai kwa miaka mingi. Inapatikana kila mji, bei yake ni ndogo, inanyumbulika zaidi kidogo kuliko supaglu, na ukikosea unaifuta kwa asetoni, kile kimiminika cha kuondolea rangi ya kucha. Wafungaji wengi huitumia. (Kabla ya seluloidi, vanishi ngumu za Ulaya na Marekani zilipikwa kwa sandarusi, na sandarusi iliyosifiwa kuliko zote katika karne ya 19 ilichimbwa ardhini kwenye mrima wetu na kusafirishwa kupitia Zanzibar.)

Lakini rangi ya kucha kutoka dukani ni nzito mno kwa mpako wa kwanza. Hubaki juu kama ngozi. Mimina kidogo kwenye kichupa kingine, ongeza asetoni tone kwa tone hadi itiririke kwenye sindano kama maji. Mpako wa kwanza uwe wa hiyo nyepesi: gusa kichwa kwa ncha ya sindano, uone uzi ukibadilika rangi na kuwa mweusi zaidi unapoinyonya. Mabadiliko hayo ya rangi ndiyo uthibitisho kwamba imeingia ndani. Iache ikauke, kisha mpako wa pili uwe wa ile nzito kama ilivyo chupani, mwembamba, kwa ajili ya kulinda dhidi ya meno na kupendeza. Anayeuza flai anahitaji mpako huo wa pili. Chomeka flai kwenye kipande cha boya au kizibo, zikae usiku kucha mahali pa wazi. Usizifungie mfukoni kabla harufu haijaisha.

Vanishi za dukani zilizotengenezwa maalumu kwa flai hufanya kazi ileile. Ukizipata, nunua na kiyeyushi chake chenyewe, kwa kuwa si kila moja inakubali asetoni.

Kuna gundi ya taa, inayogandishwa na mwanga wa urujuanimno, ambayo siku hizi inasifiwa kila mahali. Ni nzuri kwa kujenga kichwa kikubwa angavu au kufunika macho ya flai ya baharini. Kwa kushika uzi siitegemei. Inaganda pale tu mwanga unapofika, na mwanga haupenyi mizunguko ya uzi mweusi. Juu kunakuwa kioo, chini gundi imebaki mbichi. Uso wake mara nyingi hubaki unanata, maana oksijeni ya hewani huzuia tabaka la juu lisigande. Unaupangusa kwa spiriti. Ukiitumia, pakaza nyepesi, uimulike, ndipo uongeze tabaka jingine. Na usifanyie kazi hiyo karibu na dirisha, maana jua letu la saa sita litaigandisha kwenye brashi yako.

Ipoksi ya chupa mbili nitaipita haraka. Ni imara, ni nzito, inageuka njano kwa jua, na lazima flai izungushwe ikikauka ili isitiririke upande mmoja. Flai ya trauti haiihitaji.

Onyo moja kuhusu nyuzi. Zipo nyuzi za kisasa za polithini, nyeupe, zenye nguvu ya ajabu kwa unene wake, ambazo wavuvi wa baharini wanazipenda. Gundi karibu zote hazishiki polithini. Angalia chupa ya supaglu: imetengenezwa kwa plastiki ya aina hiyo, ndiyo maana gundi haijajigandisha nayo. Uzi wa namna hiyo hushikwa na nta, mkazo mkubwa na fundo la mizunguko mingi, na gundi husaidia tu kwa kujaza nafasi kati ya nyuzi. Kama mtu amekuuzia uzi huo kwa jina la nailoni, hilo nalo laweza kuwa sababu ya vichwa kuteleza.

Zipo pia flai ambazo nakuomba usizitie gundi, au utie kidogo kuliko kidogo. Flai inayoelea, yenye unyoya wa shingo ya jogoo uliozungushwa mbele, inasimama juu ya maji kwa ncha za vinyuzi vyake. Gundi ikitambaa hadi kwenye vinyuzi hivyo, vinashikana, vinakuwa vizito, na flai inazama. Hapo pakaza uzi na si kichwa. Manyoya laini ya bata ndiyo yanayonyonya zaidi; mguso mmoja wa supaglu nyepesi unapanda hadi nchani kabla hujaondoa sindano.

Na kama unataka ushahidi kwamba rafiki yako ana hoja, mtazame Frank Sawyer, mtunza mto wa Avon huko Wiltshire, Uingereza. Flai yake ya Pheasant Tail, ya manyoya ya mkia wa fezanti (ndege wa jamii ya kwale mwenye mkia mrefu), ambayo hadi leo inavua trauti dunia nzima, ilifungwa kwa waya mwembamba wa shaba peke yake. Hakutumia uzi. Gundi pia hakutumia. Waya ulishika manyoya, ukaongeza uzito, na ukamalizwa kwa nusu-fundo kadhaa. Shaba iliyopindwa hubaki ilivyopindwa, jambo ambalo uzi hauwezi, na meno ya trauti hayaikati kirahisi. Udhaifu wa flai ile uko kwenye manyoya yenyewe, yanayokatwa na meno, ndiyo maana wengi wetu tunazungusha waya juu ya mwili kinyume cha uelekeo wa manyoya: unyoya mmoja ukikatika, waya unaushika usifunguke wote.

Upande wa pili ziko flai zisizowezekana bila gundi. Clouser Minnow, aliyoibuni Bob Clouser wa Pennsylvania miaka ya 1980, ina macho mawili mazito ya chuma yaliyofungwa juu ya shina. Macho hayo yanataka kuzunguka kila flai inapogonga kitu, na yakizunguka, flai inaogelea kiubavu. Yafunge kwa mizunguko ya umbo la nane, kisha mizunguko ya bapa chini ya macho na juu ya shina ili kuikaza ile ya kwanza, ndipo utie supaglu kwenye makutano ikatambae ndani. Hapa kutambaa kwake ndiko kunakotakiwa. Ukipata oda kutoka Pwani, kwa wanaovua kolekole, au kutoka kwa wanaowafuata wale samaki wenye meno marefu wa mito ya Kilombero, usiwaletee flai isiyo na gundi msingini na kwenye macho. Kwa samaki hao hata uzi mzuri peke yake hautoshi.

Tunza chupa zako. Supaglu ambayo hujaifungua hukaa vizuri kwenye friji. Iache ipate joto la chumba kabla ya kuifungua, la sivyo unyevu wa hewani utageuka matone ndani yake na kuiharibu. Iliyofunguliwa iweke wima kwenye mtungi uliofungwa, pamoja na vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja ndani ya masanduku ya viatu. Asubuhi za baridi huko kwenu itaganda polepole zaidi. Usidanganyike ukaongeza nyingine. Asetoni na moto wa jiko visikae chumba kimoja.

Sasa mzigo uliorudi. Usiutupe, wala usimpelekee mtu mwingine ukiwa hivyo. Zigawe mafungu. Ambazo zina ukungu kichwani tu, zipakaze utando mmoja wa rangi ya kucha; mara nyingi weupe unapotea chini yake. Zenye ukungu kwenye manyoya, jaribu moja kwanza: brashi laini yenye asetoni kidogo, ukisugua kutoka mzizi kwenda nchani, uangalie kama rangi ya unyoya haitoki. Ikitoka, acha.

Zenye matundu yaliyoziba, zining'inize zikitazama chini, tundu peke yake likiguswa na asetoni kwenye kifuniko cha chuma. Asetoni huilainisha supaglu polepole, kwa hiyo uwe na subira, kisha toboa kwa ncha ya sindano au ya ndoano kubwa na upanguse. Usitoboe kwa sindano iliyopashwa moto, maana gundi ikiungua hutoa moshi mbaya sana kwa macho na mapafu. Asetoni itapanda kidogo kwenye kichwa na kuilegeza gundi iliyopo, na hiyo ni nafasi nzuri kwako: rudisha flai kwenye jiliwa, anza uzi mpya juu ya kichwa cha zamani, ufunge fundo lile la mizunguko mitano mara mbili, upakaze rangi ya kucha nyepesi, kisha nzito. Kabla haijakauka, pitisha unyoya mmoja kwenye tundu na uuvute utokee upande wa pili, uondoe kilichoingia.

Zile ambazo unyoya wa mbele umeshikana kabisa haziokoki. Kata vyote kwa wembe upande wa chini wa shina, loweka ndoano kwenye asetoni, na uitumie tena, kwa sababu ndoano nzuri ndiyo gharama kubwa kuliko vyote. Kisha, kabla ya kumrudishia mwenye duka, chukua kipande cha nailoni ya kuvulia ya unene ambao wavuvi wake wanautumia na ukipitishe kwenye kila tundu, moja baada ya nyingine. Isiyopita ibaki nyumbani.